Mataifa Kumi na Mawili ya Bwana Sévère

Libérate alifika kwangu Jumatano, saa nne ya asubuhi, akaketi, akakataa chai. Nikaweka birika chini. Miaka kumi na sita nimemjua mwanamke huyo, ananiita yaya, dada mkubwa, na hakuwahi kukataa chai yangu, hata wiki aliyomzika mumewe.

"Nani amekufa?" nikamwuliza.

"Minye njo nimekufa, yaya. Norbert amenifukuza na kazi sijaanza."

Norbert alikuwa msaidizi wa daktari hapa Kavimvira. Alikuwa amemaliza kujenga maternite mpya, nyumba ya kuzalia yenye vyumba vitatu na vitanda sita, nyuma kidogo ya duane, ofisi ya forodha. Pamoja na wauguzi wake alitaka mkunga mmoja wa mtaani, asiye na diploma lakini mwenye mikono, na akina mama wote walimtajia jina moja. Libérate ni Murundi wa bonde la Ruzizi aliyeolewa huku kwetu. Nusu ya watoto wa mtaa huu walimwona yeye kabla ya kumwona mama yao, na wangu wawili wa mwisho wamo. Alikuwa aanze tarehe moja ya mwezi wa tatu.

"Umefanya kosa gani?"

"Mawese."

"Umeiba mawese?"

"Ningeiba, ingekuwa afazali!" akasema, akajipangusa macho kwa pembe ya kitenge. "Rapori ya Bwana Sévère imetoka. Banasema wamehesabu mataifa kumi na mawili, na kila fasi wanapopaka batoto mawese, homa iko mingi. Na minye njo ninawapaka. Norbert anataka nisimame mbele ya bamama, niseme kwa kinywa changu kwamba mawese yangu ilileta homa. Nikisema, ninaanza kazi. Nikikataa, anatafuta mwingine. Amenipa siku kumi."

Hapa kwetu mtoto akizaliwa anaoshwa, kisha anapakwa mawese toka utosini mpaka nyayoni, na hivyo kila asubuhi mpaka meno yatoke. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Libérate alikuwa anawaambia akina mama kwamba mafuta hayo yanafukuza homa, nao walifurahi.

"Yaya Honorine," akasema polepole, "kuna batoto nilipokea, halafu nikasaidia kuzika. Mama zao ninakutana nao kila siku kwenye bomba. Nitawaambia nini? Kwamba ni minye?"

Nilimsikiliza nimeshika kitambaa cha birika, uso ukiniwaka. Kwa sababu hesabu za rapori ile ziliandikwa kwa mkono wangu.

Bwana Sévère alikuja kutoka Bujumbura mwezi wa kumi, na baiskeli na sanduku la karatasi. Ni mzaliwa wa Uvira, mtoto wa katekista; alisomea mambo ya kuhesabu watu. Ofisi yake ilitaka kulinganisha mataifa: taifa hili linalea hivi, lile linalea vile, watoto wa nani wanakaa na afya. Alihitaji mtu anayejua kuandika na anayesikia lugha za hapa. Mimi nilifika mwaka wa tano tu wa shule ya msingi, lakini marehemu mume wangu Antoine aliuza ndagala, dagaa wa ziwa, na mimi pamoja naye, pande zote mbili za Ruzizi. Kivira, Kifuliiru, Kirundi, vyote nimevigombania bei. Padri akanitaja.

Mwaka ule wa sitini na tatu ndio ulikuwa unaanza. Kongo ilikuwa na uhuru wa miaka miwili na nusu, na wenzetu wa Burundi walikuwa wamepata wao mwezi wa saba uliopita. Kizuizi cha Kavimvira, ambacho zamani kilikuwa mti tu, unainama na kapu lako unapita chini yake, sasa kilikuwa mpaka wa nchi mbili zenye bendera. Kila mtu alikuwa na taifa jipya kama mtu mwenye viatu vipya: anatembea akiviangalia.

Basi tulipouliza desturi ya mawese ilianza wapi, majibu yalikuwa ya watu wenye viatu vipya. Kavimvira walisema, "Ya kwetu Wavira. Sisi na ziwa tulizaliwa siku moja, na mawese ilikuwa wa tatu." Gatumba, ng'ambo ya kizuizi, Domitille aliweka mikono kiunoni. "Andika Burundi! Andika na herufi kubwa! Hawa Wakongomani walikuja kuangalia kwetu." Domitille alizaliwa Kavimvira, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Niliandika Burundi. Kiringye wakasema, "Ni dawa ya Wafuliiru. Wale wa chini walikuja kuazima, na kibuyu hawakurudisha mpaka leo."

Bwana Sévère alikuwa na furaha kama mvuvi wa usiku usio na mwezi. "Mama Honorine, umeona? Kila taifa limejitungia lenyewe, hakuna aliyemwiga mwenzake. Ushahidi namna hii ni adimu." Kila taifa akalipa karatasi moja. Mataifa manane, yote ya huku chini, yakaandikwa mawese, homa nyingi. Manne ya mlimani, upande wa Lemera, ambako wanapaka watoto mafuta ya ng'ombe, yakaandikwa homa kidogo. Hakuna hata karatasi moja iliyokwenda kinyume.

Na mimi nilinyamaza. Nilidhani mtu mwenye sanduku la karatasi anajua kila ninachokijua na zaidi.

"Ngoja," nikamwambia Libérate. Nikatoa karatasi zangu za kwanza, zile za kuandikia haraka kabla ya kunakili vizuri, nikazitandika juu ya mkeka, si kwa majina ya mataifa kama alivyozipanga Bwana Sévère, ila kwa njia. Gatumba hapa, Kavimvira pembeni yake, Uvira mjini kusini, Luberizi na Kiringye kaskazini, na zile nyingine katikati yao. Zile nne za mlimani nikaziweka mbali, juu ya kigoda, na zenyewe zikakaa pua kwa pua.

"Huyu wa Kiringye aliyekujibu ni nani?" Libérate akauliza.

"Generose, muke wa mwalimu."

"Generose! Mama yake na mama ya Domitille ni dada! Kibuyu gani hawakurudisha? Ni kibuyu cha bibi yao!" Akaanza kucheka na machozi bado yapo. "Na huyu wa Uvira ni mukwe wa nani? Si wa Generose?"

Tukaendelea hivyo. Yeye alitaja ndoa, mimi nilivuta mstari wa penseli. Baada ya muda mfupi zile karatasi nane zilikuwa zimefungwa pamoja kama wavu. Hapo nikakumbuka jambo la mwaka wa sitini na moja. Asubuhi moja jirani alinipigia kelele kwamba askari wanakuja kuchoma mtaa. Nikauliza wa pili, akasema ni kweli. Nikauliza mpaka wa nane, wote kauli moja. Tukakimbia na sufuria kichwani, tukasimama ndani ya ziwa maji kiunoni mpaka saa sita, tukisali rozari kwa sauti. Baadaye tukajua wote nane walisikia kwa Protais, naye Protais alikuwa ametoka kwenye pombe ya ndizi na aliona mifugo ikivuka barabara na vumbi.

"Libérate," nikasema, "hawa si mashahidi wanane. Huyu ni Protais."

Akanyoosha mkono akajimiminia chai.

Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa Norbert. Bwana Sévère alikuwa naye, anafunga sanduku lake. Jumamosi alikuwa arudi Bujumbura na rapori. Nilisalimu, nikaomba ruhusa, nikatandika karatasi zangu juu ya meza ya Norbert, juu ya kofia yake pia, kwa sababu meza ilikuwa ndogo.

"Mama," Bwana Sévère akasema kwa upole, "hesabu haina undugu."

"Hesabu haina, baba. Lakini watu wanao. Wanaoana, wanaazimana vibuyu, wanakunywa mto mmoja. Umeuliza watu wa nyumba moja mara nane, na wao wamekudanganya kidogo kwa sababu ya bendera. Na wale wa mlimani ni nyumba ya pili. Mashahidi wako ni wawili: Chini na Juu."

"Hata kama ni wawili. Chini wanapaka mawese, wanaugua. Juu hawapaki, hawaugui."

"Juu, umeona mngazi, mti wa mawese, hata mmoja?"

Akafikiri. "Hapana. Kule kuna baridi."

"Na mbu, uliona?"

Akashusha macho kwenye karatasi za mlimani.

"Mngazi unataka joto na maji," nikasema. "Mbu naye hivyo hivyo. Wamekaa pamoja chini, kama wapangaji wa kiwanja kimoja. Mmoja ameiba, umemkamata jirani yake."

Norbert alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi ilikuwa na muhuri. "Mama Honorine, haya ni maneno mazuri ya sokoni. Minye niko na batoto wanalala na homa. Kama mawese inaleta homa na minye ninaiacha iingie maternite, Mungu ataniuliza. Unionyeshe fasi moja, moja tu, ambako mbu ni wale wale, maji ni yale yale, na mafuta ni mbalimbali."

Hapo aibu ikanishika tena, kwa sababu mahali hapo nilikuwa napajua. "Luberizi," nikasema.

"Luberizi iko hapa," Bwana Sévère akaonyesha karatasi. "Mawese."

"Niliandika mawese kwa kuwa wengi ni mawese, na weye ulisema taifa moja karatasi moja. Lakini Luberizi kuna wenye ng'ombe. Papa Hatungimana aliniambia nyumba zao hazipaki mawese hata kidogo, nikamwambia nafasi imekwisha. Kosa hilo ni langu."

Bwana Sévère alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesahau mtoto kituoni. "Jirani na jirani," akasema. "Hatutahesabu taifa na taifa. Ua kwa ua. Nyumba ya mafuta ya ng'ombe, na nyumba ya mawese iliyo karibu nayo zaidi. Watoto chini ya miaka miwili. Aliyepata homa tangu mvua ianze, na asiyepata." Halafu akamgeukia Libérate. "Lakini mama, hesabu inaweza kukukatalia. Unaelewa?"

"Ikinikatalia," Libérate akasema, "siku ya Mungu, mbele ya kanisa, nitasema kila kitu anachotaka Norbert. Na mama zao wanipige mawe kama wanataka."

Bwana Sévère akafungua tena sanduku lake.

Ijumaa tulipanda kamyo la mpunga mpaka Luberizi, sisi wanne. Papa Hatungimana, mzee wa ng'ombe nyingi na meno machache, alitupokea njiani.

"Weye ndiye mama aliyetuandika mawese!" akanipigia kelele. "Ng'ombe zangu zilisikia. Wiki mbili zimenikatalia maziwa!"

"Naomba msamaha, papa. Kwako na kwao."

"Kwao utaomba mwenyewe. Minye sijue Kiswahili chao."

Tukaanza upande wa barabara, ambako ardhi ni kavu na nyumba ziko juu kidogo. Bwana Sévère aliuliza, mimi niliandika, Norbert aliwaangalia watoto macho na tumbo, Libérate alibaki nyuma mikono mgongoni, kwa sababu tulikubaliana asiseme neno. Kwa jirani wa mafuta ya ng'ombe, halafu kwa jirani wa mawese. Saa sita tulikuwa na nyumba kumi za kila aina, kila nyumba mtoto mmoja. Nikajumlisha mara mbili, nikitumaini nimekosea. Nyumba za mafuta ya ng'ombe, homa mbili. Nyumba za mawese, homa tano.

Norbert alisoma juu ya bega langu, akakohoa. Libérate aliona vile alivyokohoa. Akaenda kuketi kwenye mzizi wa mti wa ua, akatoa rozari yake. Mke wa Papa Hatungimana alituletea maharage na ndizi, tukala. Nami nilisali. Sikuomba tushinde. Niliomba tu mkono wangu usiandike uongo, kwa sababu siku ile ulikuwa unatamani sana.

"Tunaweza kumalizia hapa," Norbert akasema, na hakusema kwa furaha.

"Hapana," akajibu Bwana Sévère. "Bado upande wa mpunga. Kumi ni wachache. Na hapa juu tumeona nini? Nyumba za mawese tatu kati ya zile tano zenye homa ziko kwenye mfereji."

Tukateremka. Upande wa mpunga nyumba zimekaa ukingoni mwa maji, vyura wanaimba mchana, na mbu hawangoji jua lizame. Tulipata majirani kumi na sita na kumi na sita. Kwenye ua wa nane nilianza kuona kitu, lakini sikusema. Watoto wa mafuta ya ng'ombe walikuwa wanang'aa vizuri, wananuka maziwa, na wana homa. Watoto wa mawese walikuwa wekundu kama udongo wa tanuri, na wana homa. Mama mmoja alimleta wake, jirani akamleta wake, watoto wakaanza kulia kwa sauti moja, na Norbert akawashika wote wawili, mmoja kila mkono, na joto lao lilikuwa moja.

Kufika saa kumi Bwana Sévère alijumlisha mwenyewe, chini, kwa kijiti juu ya udongo, ili wote tuone. Mawese upande wa mpunga: kumi na moja. Mafuta ya ng'ombe: kumi na tatu. Kwa jumla, upande wa juu na wa chini, mawese kumi na sita, mafuta ya ng'ombe kumi na tano.

"Ng'ombe zimeshinda!" Papa Hatungimana akaruka. "Kwa mutoto mumoja! Mutaandika hiyo?"

Libérate akafunika mdomo. "Basi nimeshindwa kwa mutoto mumoja?"

"Hapana, mama," Bwana Sévère akasema, naye alikuwa anacheka sasa. "Mtoto mmoja ni upepo tu. Ukirudia kesho, utaelekea kwako. Angalia hapa." Akachora mstari mwingine, safari hii hakugawa kwa mafuta, aligawa kwa maji. Kule juu pakavu, watoto ishirini, homa saba. Huku kwenye mpunga, watoto thelathini na wawili, homa ishirini na nne. "Ni hii. Mafuta hayakuwa na neno. Nilizunguka bonde moja, maji yale yale, miezi minne, nikalihesabu mara nane na kuliita mataifa manane."

Norbert alikuwa bado ameshika mmoja wa wale watoto. "Mama Libérate," akasema, "utaanza tarehe moja."

Nilidhani ataruka. Akasimama tu, anaangalia ile hesabu ya udongoni. "Kama haileti homa kuliko ile ingine," akasema, "basi haifukuzi pia. Si ndiyo?"

"Haifukuzi," Bwana Sévère akakubali.

"Miaka makumi mbili ninawaambia inafukuza."

Papa Hatungimana alimwambia kwamba hata yeye alikuwa anawaambia watu vivyo hivyo kuhusu ng'ombe wake, na hana mpango wa kuacha. Hilo lilimtoa kicheko.

Lakini Libérate ni mtu anayelipa deni la maneno yake. Alimwambia Norbert kwamba maneno ya mawese yameshazunguka mtaa, kwa hiyo hataingia maternite kabla hayajazimwa. Jumapili, ile siku ya Mungu, baada ya misa, Norbert alisimama mlangoni pa kanisa, amefunga tai, akasema kwa kifupi kwamba mawese haina kosa, na kwamba alisema haraka. Wanawake wakapiga vigelegele. Libérate akainua mkono wanyamaze.

"Na minye niko na yangu," akasema. "Niliwaambia mawese inafukuza homa. Si kweli. Nilifundishwa hivi na mama yangu, naye alifundishwa na mama yake, na hakuna aliyehesabu. Mawese inafanya mutoto ang'ae. Tu. Juu ya homa, mumufunike mutoto jua likizama, musilale pembeni ya mufereji, na akiwaka mumulete mbio. Musingoje mafuta."

Kati ya wale waliosimama alikuwamo Félicité, ambaye mtoto wake alizikwa mwaka uliopita. Wote tulimwangalia. Alimsogelea Libérate, akamtengeneza kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimeharibika, akasema, "Twende nyumbani, jua ni kali." Wakaondoka wameshikana mkono.

Bwana Sévère hakurudi Bujumbura Jumamosi ile. Aliomba wiki sita nyingine, akatengeneza karatasi mpya. Juu kabisa inauliza: Jirani yako ni nani? Ulijifunza kwa nani? Mama yako alizaliwa wapi? Nafasi ya kuandika taifa iko chini kabisa, ndogo. Domitille wa Gatumba alikaa nayo nusu saa. Mwishowe akaandika Kavimvira, akaniambia nikicheka atanifukuza Burundi nzima. Tulipita nayo haraka, kwa sababu huko milimani maneno ya uasi yalikuwa yameanza kupita chini chini, na njia ya leo huwezi kujua kama ni ya kesho. Lakini mwezi ule njia zilikuwa wazi na embe zilikuwa nyingi.

Tarehe moja Libérate alifungua maternite pamoja na wauguzi, amevaa blauzi nyeupe inayombana mikono. Nilimpelekea chai. Kabla hajainywa, mama mmoja wa Gatumba aliletwa kwenye kiti cha baiskeli, amevushwa kizuizi na askari wa pande zote mbili wakisukuma, na saa saba mtoto wa kiume alikuwa analia. Norbert alikuja na fishi mpya, karatasi ya kumwandikisha mtoto, na kalamu.

"Taifa?" akauliza. "Mama ni wa Burundi, mutoto amezaliwa Kongo. Ninaandika nini?"

"Andika kilo zake," Libérate akasema. "Halafu weka ile kalamu chini, unishikie huyu, nimutafutie neti ya mbu."